Mbavu Ishirini na Tatu

Daktari wa serikali alisema mifupa. Mkuu wa chuo alisema kifaa. Daftari la stoo lilisema kiunzi cha binadamu, plastiki, kimoja. Wanafunzi, ambao sasa walikuwa likizo, walikuwa wakimwita Mheshimiwa, kwa sababu miaka yote alisimama mbele ya watu na hakuna aliyewahi kumwona akifanya kazi. Mpelelezi, ambaye wenzake kituoni walimwita Kobe kwa mwendo wake, aliyaandika majina yote manne kwenye kijitabu, akaacha mstari mmoja mtupu chini yake. Bado alikuwa hajamhoji fundi wa maabara.

Ilikuwa siku ya nne ya upelelezi, saa nne asubuhi. Chuo cha uuguzi kilikuwa kimebaki na watu wanne tu: mkuu wa chuo, mwalimu wa anatomia, fundi wa maabara na mlinzi wa getini aliyeajiriwa juzijuzi. Viti vilipinduliwa juu ya meza miguu ikitazama dari. Ukikohoa kwenye korido moja unasikika kwenye nyingine. Kobe, ambaye nyumbani kwake hakuna wa kumuuliza amekula nini, alikuwa ameuzoea ukimya wa namna hii, lakini kuuzoea si kuupenda.

Mifupa ilikuwa imelazwa juu ya meza ndefu ya maabara, bado imeunganishwa kwa waya. Daktari alivua glovu zake.

"Mwanamume. Miaka hamsini kwenda juu. Hakuna alama ya panga, rungu wala risasi. Muundi wa mguu wa kulia uliwahi kuvunjika ukaunga vibaya, lakini hiyo ni habari ya zamani sana."

"Alianguka kutoka kwenye paa akiwa kijana," alisema mwalimu. Alikuwa amesimama karibu na mlango, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, koti jeupe limefungwa vifungo vyote. "Baba yangu. Mguu huohuo wa kulia. Alikuwa akitembea hivi." Akapiga hatua tatu akichechemea, kisha akasimama, akaona haya.

Ni yeye aliyeita polisi. Siku ile fundi alikuwa amekwenda zahanati, naye akaamua kukisukuma kiunzi mwenyewe hadi pembeni apate kufagia. Gurudumu likakwama, kiunzi kikayumba, ubavu mmoja ukagonga ukingo wa meza ukakatika. Alipookota kipande akaona ndani yake kuna vitundu vitundu kama vya mkate. Plastiki haina vitundu vya namna hiyo. Alikaa chini sakafuni, kama alivyosema baadaye, mpaka miguu ikafa ganzi.

Kobe alijua kwa nini. Faili la mwalimu lilikuwa kituoni tangu mwaka jana. Alikuwa ameomba kazi kwenye chuo hiki kidogo, mbali na kwao, kwa sababu moja tu: baba yake aliwahi kuwa mlinzi hapa, na tangu hapo hakuna aliyemsikia tena. Alikuja kumtafuta. Na kwa miezi kumi na minne alikuwa akifundisha akiwa amesimama bega kwa bega na mifupa hii.

"Ndiye, daktari?"

"Watu wengi wamevunjika mguu, mwalimu. Kipimo cha vinasaba kitachukua wiki sita."

"Nimesubiri miaka kumi na miwili."

"Basi wiki sita..." daktari alianza, kisha akaona afadhali afunge begi lake.

"Kabla hujaondoka," alisema Kobe. "Hebu tuhesabu. Mtu ana mbavu ngapi?"

"Ishirini na nne," walijibu wote wawili.

"Huyu?"

Mwalimu alijibu bila kuhesabu. "Ishirini na tatu, pamoja na huo niliouvunja. Wa kumi na mbili wa kushoto haupo. Hilo linajulikana, afande. Wanafunzi wapya huambiwa siku ya kwanza kabisa: mbavu za hapa ni ishirini na tatu, za kwenye mtihani ni ishirini na nne. Wanacheka, na hawasahau."

"Huambiwa na nani?"

"Na fundi."

Kobe alifungua daftari la stoo, akalipekua karatasi moja moja. Kweli, ilikuwepo kumbukumbu ya miaka kumi iliyopita: kiunzi kimeangushwa na wanafunzi, ubavu wa kumi na mbili wa kushoto umepotea. Alimgeukia daktari. "Mtu huyu alizaliwa bila ubavu huo?"

Daktari aliinama na lenzi yake, akaitazama pingili ya mgongo kwa muda mrefu. "Hapana. Mahali ulipokaa panaonekana kabisa. Alikuwa nao maisha yake yote."

Kobe alikaa juu ya meza, jambo ambalo wanafunzi wangefokewa kwalo. Plastiki ilipoteza ubavu kwa bahati mbaya. Sawa. Lakini binadamu hawezi kupoteza ubavu uleule, wa upande uleule, kwa bahati mbaya ileile. Mtu aliutoa. Aliutoa ili wanaohesabu waendelee kupata ishirini na tatu, wasishtuke. Mtu huyo aliijua hesabu ya kiunzi cha zamani, alikuwa na nafasi ya kukaa humu peke yake kwa siku nyingi, na mikono yake ilijua kazi. Kesi sasa ilikuwa na kiunzi chake, nyama ingefuata.

Hata hivyo hakwenda kwa fundi. Mwenda pole hajikwai, na Kobe hakupenda kumkamata mtu kwa sababu tu alikuwa wa kwanza kumfikiria.

Mkuu wa chuo alikuwa mtu wa kufunga shati mpaka kifungo cha kooni. Juu ya meza yake kulikuwa na kalamu tatu zilizopangwa kama askari.

"Yule mlinzi ulimwandika ametoroka kazini," alisema Kobe.

"Alitoroka. Siku tatu hakuonekana getini."

"Ulimtafuta?"

"Afande, mimi nina chuo cha kuendesha."

"Nasikia mligombana."

"Nilimkuta amelala zamu. Nikamwambia nikimkuta tena atanitambua." Mkuu alisikia mwenyewe alichosema, akalegeza kifungo cha kooni. "Si kwa maana hiyo, jamani!"

"Kwa maana gani?"

"Ya barua! Barua ya onyo!"

Kobe alitoa mfuko wa vielelezo, lebo na kipande cha waya mwembamba, akamwomba amsaidie kufunga. Mkuu alihangaika dakika mbili, akajichoma kidole, akaishia kukinyonya. Kobe aliupokea mfuko ukiwa umening'inia lebo yake kichwa chini. Ile mifupa ilikuwa na viungo zaidi ya mia vilivyofungwa kwa waya wa shaba, kila ncha imekunjwa na kufichwa isimkwaruze mtu. Mkono huu usingefunga hata kidole kimoja.

"Ufunguo wa maabara unao?"

"Sina. Fundi ndiye mwenye ule... ule ufunguo malaya." Mkuu alishusha sauti. "Unafungua kila mlango hapa, hata wangu. Na kitabu cha zamu unachokitaka kimo kabatini humo. Kabati lenyewe limepotelewa na ufunguo, kwa hiyo hata hilo mwombe yeye."

Kobe hakumwomba. Alilisukuma kabati kwa goti, likafunguka.

Kitabu cha zamu cha miaka sita iliyopita kilikuwa kimeliwa pembe na mende. Mwandiko wa mlinzi ulilala upande kama nyasi zilizopigwa na upepo: saa mbili usiku shwari, saa sita shwari, saa kumi shwari. Kurasa kwa kurasa za shwari, za mtu asiyekuwa na wa kumwambia kingine. Kisha wiki tatu za mwisho mwandiko ukabadilika. Herufi zilisimama wima, safi, na kila saba ilikatwa kistari kiunoni. Sahihi chini ya ukurasa ilikuwa bado ya mlinzi, lakini ilitetemeka zaidi kila siku, na siku ya ishirini na moja ilikuwa mkwaruzo tu. Baada ya hapo, kwa wino mwekundu wa mkuu: ametoroka kazini.

Kobe alikichukua kitabu hadi maabara, akakiweka kando ya rafu ya chupa. Lebo za chupa zilikuwa na herufi wima, safi. Namba 7, namba 17, namba 27, zote zilikatwa kistari kiunoni. Fundi ndiye aliyezishika zamu za mlinzi kwa wiki tatu. Mtu hushika zamu ya mwenzake kwa sababu ya wema, au kwa sababu hataki mtu mwingine asogee pale. Kitabu hakikusema ni ipi.

Yule mlinzi wa zamani alikuwa akilala kwenye bweni ambalo halikumaliziwa kujengwa, nyuma ya chuo. Kila mtu aliliita gofu: nguzo, kuta bila paa, nondo zimetokeza juu zikiwa zimekula kutu. Kobe alikwenda huko na konstebo aliyebeba sepetu kwa shingo upande. Walipita vyumba vinane vilivyojaa majani. Cha tisa kilikuwa kimefagiliwa. Kulikuwa na benchi, na mbele ya benchi mstatili wa ardhi uliozungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, urefu wa mtu mzima.

"Hapo," alisema Kobe.

Konstebo alichimba nusu saa akilalamikia mgongo. Kisha akaruka nyuma. "Afande! Mfupa! Kuna mtu wa pili!"

Maiti mbili ni kesi nyingine kabisa, na fundi mwingine kabisa. Kobe akashuka shimoni mwenyewe, akapangusa udongo kwa viganja. Fuvu, mabega, kifua. Konstebo aliinama karibu naye, akakunja uso.

"Afande, huyu ana muhuri wa kiwanda kwenye paja."

Kobe alihesabu mbavu za plastiki. Ishirini na tatu. Alikuwa amelazwa chali kwa heshima, mikono kifuani, juu ya shuka lililokuwa safi zamani. Konstebo alianza kucheka, akamtazama mkubwa wake, akaacha.

Karakana ya fundi ilikuwa chumba chembamba nyuma ya maabara. Mwenyewe alikuwa mzee mkavu, miwani imefungwa kwa waya wa shaba kwenye bawaba, ncha ya waya imekunjwa na kufichwa. Kulikuwa na stuli mbili na vikombe viwili. Kimoja kilikuwa na doa la chai, kingine kilikuwa kikavu.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba."

"Tumefukua kule kwenye gofu."

Fundi aliweka koleo chini. "Mmefukia tena? Kaburi lililo wazi si zuri."

"Ndani kuna plastiki."

"Najua kuna nini."

Kobe akavuta stuli ya pili. Fundi alinyosha mkono kama wa kumzuia, kisha akaurudisha. "Kaa tu. Haina mwenyewe tena."

"Aliumwa wiki tatu," Kobe alisema.

"Tano. Mbili za kwanza alijikongoja. Kifua. Alikwenda hospitali mara mbili, akarudi na vidonge. Mwishoni alibaki gofu la mtu, afande, ukimnyanyua ni kama unanyanyua shuka. Zamu nilishika mimi ili asifukuzwe. Yeye alikuwa akitia sahihi tu."

"Alipofariki ungeita watu."

"Watu gani? Ningeita manispaa. Waliwahi kumzika mpishi wetu mmoja aliyekuwa hana ndugu. Nikaenda kumtembelea baada ya mwezi. Wameweka kibao chenye namba, na namba yenyewe mvua imeifuta. Nilizunguka pale mpaka jua likazama, nisijue nimsalimie nani." Alifungua droo, akatoa kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cheupe, na karatasi iliyokunjwa mara nne. Kitambaani kulikuwa na ubavu mmoja mfupi. "Huu sikuweza kuutupa. Wangehesabu, unajua. Wanafunzi ni wajinga lakini kuhesabu wanahesabu."

Karatasi ilikuwa imechanwa kwenye daftari la mazoezi. Kobe aliilaza kando ya kitabu cha zamu, akalinganisha herufi moja moja zilizolala upande. Mwandiko ulikuwa wa mlinzi. *Mimi sina mtu. Nikifa nisipelekwe manispaa. Fundi anajua la kufanya. Nataka nikae mahali penye watu.*

"Mahali penye watu," Kobe alisema.

"Kabla ya kuingia zamu alikuwa akisimama dirishani, anawatazama wanafunzi wakisoma. Alisema yule wa plastiki ana bahati, kila siku ana wageni. Tulicheka sana. Alipoandika hiyo karatasi ndipo nikajua hakuwa akitania. Nikamlaza kule gofuni miaka miwili. Kisha nikamtoa, nikamsafisha, nikampaka vanishi, nikamfunga kiungo kwa kiungo. Miezi minne. Yule mwingine nikamlaza pale, kaburi lisibaki tupu."

"Wewe unamwitaje?"

Fundi alishangaa kuulizwa. "Mwenzangu."

Kobe aliandika neno hilo kwenye mstari uliobaki. "Kuficha maiti ni kosa, mzee wangu. Na vitabu vile umeviandika uongo. Itabidi twende kituoni."

"Nilijua kuna siku."

"Nilikuuliza." Sauti ilitoka mlangoni. Mwalimu alikuwa amesimama hapo, na Kobe hakujua ni kwa muda gani. "Siku niliyofika, hata begi sijalitua, nilikuuliza wewe wa kwanza. Ukaniambia aliacha kazi, akaenda zake. Kila asubuhi nakuamkia. Shikamoo baba, nakwambia. Unaitikia!"

Fundi alivua miwani. Bila miwani alionekana mzee zaidi.

"Siku ile nilishtuka, mwanangu. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho yake nikakukuta darasani umemshika mkono, unawaonyesha wanafunzi vifundo vya vidole, na wewe unacheka. Nikasema, Mungu amewakutanisha, mimi ni nani niwatenganishe?"

"Huo si ukweli."

"Ni ukweli nusu. Nusu nyingine, niliogopa utamchukua. Nina miaka ishirini na minane humu ndani. Wanafunzi wanakuja, wanakwenda. Yeye peke yake ndiye aliyewahi kuvuta hiyo stuli akakaa. Ningebaki na nani?"

Kobe alikuwa amekalia stuli yenyewe, akatamani kusimama, akaona akisimama itakuwa vibaya zaidi.

Mwalimu alisogea mezani, akaisoma karatasi bila kuigusa. Aliisoma mara mbili. Kisha akarudi kwenye mstari wa kwanza.

"Ameandika hana mtu."

"Nilimbishia," alisema fundi. "Nikamwambia, si una binti? Akasema, binti amenifuta, na ana haki."

Hapo mwalimu akakaa. Hakukuwa na kiti kingine, akakaa juu ya sanduku la vifaa.

"Mama alipokufa hakuja kuzika," alisema, akimwambia Kobe, maana kumwambia fundi hakuweza. "Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nikamwandikia barua, mistari miwili. Kuanzia leo sina baba, na wewe huna mtoto. Nikaipeleka posta siku hiyohiyo nikikimbia, nisije nikabadili mawazo. Miezi mitatu baadaye ndipo nikajua kwamba habari ya msiba ilimfikia tumeshazika. Nikaandika nyingine, na nyingine. Alikuwa ameshahama. Alipokwenda, zangu hazikumfuata."

"Ile ya kwanza ilimfikia," alisema fundi kwa upole. Hakusema kwa ubaya. Aliulizwa na macho ya mwalimu, naye kudanganya alikuwa amechoka.

Nje, konstebo aliita kwamba gari limefika. Kobe alitoa mfuko wa vielelezo. Aliufunga ubavu kwenye kitambaa chake, akaunyosha mkono kwenye karatasi, lakini mwalimu alikuwa ameutanguliza wake, vidole vimesimama juu ya mstari wa kwanza bila kuugusa.

"Afande, hapa alipoandika hana mtu. Hapawezi kurekebishwa?"

Katika miaka yake yote ya kazi Kobe alikuwa ameombwa mambo mengi: apoteze faili, asahau tarehe, afumbe macho. Hili hakuwahi kuombwa. "Ni kielelezo, mwalimu. Hakiguswi."

"Hata kuongeza chini yake?"

"Hata nukta."

Alitikisa kichwa kama aliyetegemea jibu hilo, akaondoa mkono. Kobe aliitia karatasi mfukoni, akafunga. Kisha, badala ya kusimama, akatoa kwenye mkoba wake fomu ya kuombea kukabidhiwa mabaki ya marehemu. Ilikuwa ijazwe baada ya wiki sita, majibu ya vinasaba yakirudi. Aliiweka magotini na kufungua kalamu.

"Ndugu wa karibu," alisoma. "Jina kamili."

Mwalimu alitaja majina matatu. Kwenye kitambulisho chake cha chuo yalikuwa mawili, na hata kwenye faili la kituoni alijiandika mawili. Lile la katikati, la baba yake, alilitoa mwenyewe mwaka ule wa barua, na aibu ikamzuia kulirudisha. Sasa alilitamka polepole, herufi kwa herufi, na Kobe akaandika kwa herufi kubwa kama fomu ilivyotaka. Fundi aliinamisha kichwa alipolisikia jina la mwenzake likitamkwa kwa sauti ndani ya chumba kile.

"Uhusiano na marehemu?"

"Mtoto," alisema mwalimu. "Andika mtoto wake."

Kobe akaandika, akamgeuzia karatasi aweke sahihi.